Mkupuo Una Bei: Soma Hii Kabla Hujatia Sahihi Fomu ya Pensheni

Fomu yenyewe si ndefu. Kurasa chache, jina lako, nambari ya kitambulisho, nambari ya akaunti, halafu visanduku vya kutia alama. Umefanya kazi miaka thelathini na kitu, na sasa unaambiwa uamue kwa kalamu moja vile utakavyoishi miaka ishirini ijayo. Wengi hutia alama pale penye pesa nyingi kwa siku moja, wanarudisha fomu, wanaenda nyumbani kungoja meseji ya benki.

Sisi kazi yetu ni kusafirisha pesa kwa simu. Hatuuzi pensheni, hatuna bima, na hatupati hata shilingi moja ukichagua hiki ama kile. Lakini pensheni za wateja wetu wengi huishia kwenye simu, na maswali kuhusu fomu hii yanatufikia. Swali huwa moja, limevaa nguo tofauti: nichukue pesa zangu zote, ama niwaachie wanilipe kidogo kidogo?

Tuanze na jambo ambalo si kila mtu analijua: huenda uamuzi huo si wako. Inategemea uko kwenye hazina gani.

Kama mwajiri wako aliweka mfuko wa akiba, ule wa kulipwa mara moja, siku ya kustaafu unapewa kitita chote. Kama aliweka hazina ya pensheni, sheria inakuruhusu kuchukua mpaka theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili zinazobaki lazima zigeuzwe kuwa malipo ya mara kwa mara. Neno la kushika hapo ni "mpaka". Theluthi moja ni kikomo, si amri. Unaweza kuchukua robo, unaweza kuchukua kidogo kabisa, unaweza usichukue kitu. Watu hutia alama kwenye theluthi kana kwamba ni chakula kilichokwisha pakuliwa.

Kwa wale wa NSSF, mambo yamebadilika pia. NSSF ilianzishwa mwaka wa 1965, na kwa miaka mingi ilikuwa mfuko wa akiba. Sheria mpya ya 2013 ilikaa mahakamani kwa miaka mingi mpaka Februari 2023, ndipo makato yake ya asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri yakaanza. Sheria hiyo imeleta hazina ya pensheni ndani ya NSSF. Kwa hivyo hata wewe mwenye miaka 35 unayesoma hii ukiwa kwenye matatu, fomu yako iko njiani.

Bei ya mkupuo

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, hesabu tumezitunga ili ziwe rahisi, na bei za kweli utapewa na kampuni ya bima siku yenyewe. Mzee mmoja amefanya kazi jikoni kwenye hoteli ya ufuoni Mombasa kwa miaka 31. Ana miaka 60, mkewe ana 54, wanaishi Changamwe. Katika hazina ya pensheni ana shilingi 3,000,000.

Akichukua theluthi, anapata 1,000,000 mkononi. Zile 2,000,000 anaenda nazo kwa kampuni ya bima, anainunulia pensheni ya maisha, ambayo watu wa bima huiita anuiti. Tuseme kampuni inamwambia itamlipa 18,000 kila mwezi mpaka siku atakapofariki.

Sasa uliza swali ambalo fomu haiulizi. Je, kama asingechukua ile milioni? Kwa bei hiyo hiyo, 3,000,000 zingempa 27,000 kwa mwezi. Kwa hivyo ile milioni moja haikuwa ya bure. Bei yake ni 9,000 kila mwezi, maisha yake yote. Kwa mwaka ni 108,000. Baada ya miaka tisa na miezi michache, atakuwa amekosa malipo ya kutosha kujaza milioni nzima, na bado ana miaka 69 tu.

Hatusemi asichukue. Tunasema ajue anainunua kwa bei gani. Mtu akiambiwa "chukua milioni" anaona ploti, anaona harusi ya binti, anaona pikipiki mbili za boda boda. Mtu huyo huyo akiambiwa "lipa 9,000 kila mwezi mpaka ufe ili upate milioni leo", anavuta kiti kwanza.

Kuna matumizi ya mkupuo yanayolipa hiyo bei vizuri. Deni, kwa mfano. Tuseme mzee wetu amebakisha mkopo wa sacco wa 250,000 ambao unamla 9,500 kila mwezi. Kuchukua 250,000 kwa mkupuo kunampunguzia pensheni kwa 2,250 kwa mwezi, na kunamwondolea mzigo wa 9,500. Hapo pumzi inarudi mara moja. Tukiwa wakweli, mkopo ungeisha siku moja na zile 2,250 haziishi. Lakini kulipa 9,500 kutoka kwa pensheni ya 18,000 ni njia ya haraka ya kuingia kwenye mikopo ya simu, na sisi tunaijua hiyo njia kuliko wengi. Kumalizia nyumba ambayo imefika kwenye linta na inakungoja uhamie uache kulipa kodi, hiyo pia ni hesabu ya maana. Kodi unayoacha kulipa ni mapato.

Vyumba vya kukodisha? Hapa wastaafu wengi huwa na uhakika mkubwa. Piga hesabu kwa bei ile ile: vyumba unavyojenga na milioni lazima vikuletee zaidi ya 9,000 kwa mwezi baada ya kutoa miezi ambayo chumba ni tupu, mpangaji aliyehama usiku, paa, choo kilichoziba, na wewe mwenyewe kupanda ngazi ukiwa na miaka 74. Vikifanya hivyo, vizuri, na faida yake ni kwamba vyumba vitabaki kwa watoto, ilhali anuiti inaisha nawe. Visipofanya hivyo, umebadilisha malipo yasiyolala na kazi ya kufukuzana na wapangaji.

Biashara ambayo hujawahi kuifanya, hapana. Hilo tunalisema bila kuzunguka. Mwaka wa kwanza wa kustaafu si wakati wa kujifunza kufuga kuku elfu moja.

Walimu na wafanyakazi wa serikali: hesabu yenu ni tofauti

Tunalitenga hili kwa sababu ushauri wa hoteli ya Mombasa ukiupeleka kwa mwalimu wa Kitui utampoteza.

Aliye chini ya mpango wa zamani wa serikali, ule wa Sheria ya Pensheni, hana kitita kilichokusanywa kwa jina lake. Pensheni yake hukokotolewa: mshahara wa mwaka, mara miezi aliyotumika, gawanya kwa 480. Mwalimu aliyestaafu na mshahara wa 60,000 baada ya miaka 30, yaani miezi 360, anapata 540,000 kwa mwaka. Hiyo ni 45,000 kwa mwezi. Anaweza kubadilisha robo ya pensheni hiyo kuwa mkupuo. Robo ni 135,000 kwa mwaka, nayo inazidishwa mara 20. Anapewa 2,700,000, na pensheni yake inashuka hadi 33,750 kwa mwezi.

Tazama bei. Anaacha 11,250 kwa mwezi, anapata 2,700,000. Itamchukua miaka 20 kabla ya malipo aliyoyaacha kufikia alichopewa. Yule mzee wa hoteli ilimchukua miaka tisa na kidogo. Mkupuo wa mwalimu ni wa bei nafuu sana, na ndiyo maana tukiulizwa na mtu wa mpango huu huwa tunasema: chukua, lakini usiitumie yote. Ukipewa mkupuo kwa bei nzuri halafu ukaumwaga kwenye biashara ya shemeji, bei nzuri haijakusaidia.

Wafanyakazi wa serikali waliokuwa chini ya miaka 45 mpango mpya ulipoanza, tarehe 1 Januari 2021, wako kwenye hazina ya kuchangia, ambapo serikali huweka asilimia 15 na mfanyakazi 7.5. Hao hesabu yao inafanana na ya hoteli.

"Nikitangulia, wewe utakula nini?"

Sasa turudi Changamwe. Mzee amekubali anuiti. Anafikiri kazi imeisha. Haijaisha, kwa sababu anuiti si kitu kimoja. Ile 18,000 aliyotajiwa ndiyo kubwa kwenye karatasi, na kwa kawaida iliyo kubwa kwenye karatasi imekuwa kubwa kwa kuacha kitu nje.

Ilichoacha nje hapa ni mkewe. Tuseme 18,000 ni ya maisha ya mzee peke yake, na ina kipindi cha uhakika cha miaka kumi. Maana yake: akifariki mwaka wa tatu, kampuni itaendelea kuwalipa walioandikwa mpaka miaka kumi itimie. Hiyo ni sawa. Lakini akifariki mwaka wa kumi na moja, malipo yanakatika mwezi huo. Mama ana miaka 65. Nyumba ni ile ile, dawa ni zile zile, na meseji ya mwisho wa mwezi haiji tena. Mara nyingi mama huyo hakuwahi kuiona fomu.

Kampuni hiyo hiyo inaweza kumpa anuiti ya watu wawili. Kwa mfano wetu, tuseme 16,800 kwa mwezi, na mzee akitangulia mke anaendelea kupata nusu. Ama 15,500, na mke anaendelea kupata zote. Kutoka 18,000 hadi 15,500 ni 2,500 kwa mwezi. Kwetu sisi, mtu aliye na mke au mume asiye na pensheni yake mwenyewe akikataa kulipa hiyo 2,500, basi awe na sababu nzuri sana. Na kama mwenzako ni mdogo kwako kwa miaka mingi, kampuni itakata zaidi, kwa sababu inajua italipa kwa muda mrefu zaidi. Hiyo yenyewe inakuonyesha hatari iko upande gani.

Kama mwenzako ana pensheni yake nzuri, ama huna mwenza, usilipie usichokihitaji. Hapo kipindi cha uhakika cha miaka kumi ama kumi na tano kinatosha kuwalinda watoto.

Wee mzee unayesoma hii, mwambie mama aje asome sehemu hii. Aulize yeye mwenyewe hilo swali la juu, mbele yako, mkiwa na fomu mezani. Ni maneno mazito, lakini si mazito kama kuyauliza baada ya mazishi.

Shilingi ya leo na ya mwaka wa kumi

Ile 18,000 haipandi. Ukienda dukani mwaka 2036, itakuwa 18,000.

Lengo la Benki Kuu ya Kenya ni mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka, ukicheza juu au chini kwa asilimia 2.5. Tuchukue hiyo 5, tuseme mambo yameenda vile wanavyotaka, hakuna ukame, hakuna mafuta kupanda. Baada ya miaka kumi, 18,000 itanunua kile ambacho 11,000 na kidogo inanunua leo. Baada ya kumi na tano, kama 8,700. Hakuna aliyekuibia. Ni unga tu umepanda.

Ndiyo maana kuna anuiti inayopanda kila mwaka. Inaanza chini, na hapo ndipo watu huikataa. Katika mfano wetu, tuseme inaanza na 12,500 na kupanda kwa asilimia 5 kila mwaka. Mwaka wa tisa inaipita ile 18,000. Lakini ukijumlisha kila shilingi uliyolipwa tangu siku ya kwanza, inaifikia ile isiyopanda mwishoni mwa mwaka wa kumi na tano, na kuipita kuanzia hapo. Kwa mtu aliyestaafu akiwa na 60, hiyo ni miaka 75.

Kwa hivyo swali ni la afya yako na la ukoo wenu. Kama wazazi wako walifika 85 wakiwa wanalima, ile inayopanda ni rafiki yako. Kama una ugonjwa ambao wewe na daktari wako mnaujua, chukua kubwa sasa. Hakuna aibu kufikiri hivyo. Kampuni ya bima inafikiri hivyo hivyo ikipanga bei.

Kuchota kidogo kidogo

Kuna njia ya tatu ambayo watu wengi hawaelezwi vizuri. Badala ya kuipa kampuni ya bima zile 2,000,000 moja kwa moja, unaziacha kwenye hazina iliyosajiliwa, zinaendelea kuwekezwa, nawe unachota kila mwezi ama kila robo mwaka. Mawakala huiita drodauni. Kanuni zake ni hizi: huwezi kuchota zaidi ya asilimia 15 ya salio kwa mwaka, na mpango huchukua angalau miaka kumi. Baada ya hapo unaweza kuchukua salio, kununua anuiti, ama kuendelea kuchota. Ukifariki, kilichobaki ni cha walioandikwa.

Wengi huipenda kwa sababu hiyo ya mwisho. Pesa haziishii kwa kampuni. Lakini asilimia 15 inadanganya macho. Mwaka wa kwanza mzee wetu anaweza kuchota 300,000, ambayo ni 25,000 kwa mwezi. Inaishinda anuiti! Sasa endelea. Tuseme hazina inapata asilimia 9 kwa mwaka baada ya kutoa ada zote, na mzee anachota hiyo 15 kila Januari bila kukosa. Mwaka wa kumi atakuwa anachota kama 12,600 kwa mwezi, na salio likiwa limeshuka mpaka kama 930,000. Ana miaka 70. Amezoea 25,000.

Akichota asilimia 10 badala ya 15, anaanza na 16,700 hivi kwa mwezi, mwaka wa kumi anapata kama 14,000, na salio liko karibu 1,650,000. Hapo akiwa na miaka 70 anaweza kununua anuiti, na kwa umri huo kila shilingi hununua pensheni kubwa zaidi kuliko ilivyokuwa akiwa na 60, kwa maana kampuni inatarajia kulipa miaka michache.

Kwa hivyo drodauni inamfaa mtu mwenye nidhamu, ama mwenye mapato mengine, shamba la chai, nyumba ya kodi, mtoto anayetuma bila kukumbushwa. Haimfai mtu ambaye pensheni hiyo ndiyo unga na ndiyo dawa. Pia soko likianguka, ni salio lako linaloanguka. Kwenye anuiti hilo ni tatizo la kampuni.

Tofauti moja hutajwa upesi upesi ofisini, nasi tunaiona kubwa kuliko zote. Anuiti ukishainunua, imekwisha. Hurudi mwaka ujao kusema umebadilisha nia. Drodauni inaweza kuwa anuiti baadaye. Anuiti haiwezi kuwa drodauni. Kama huna uhakika, usisukumwe na mtu anayetaka kufunga hesabu zake mwisho wa mwezi. Na huna lazima ya kukubali bei ya kampuni ya kwanza. Omba bei kutoka kampuni tatu, kwa masharti yale yale: umri ule ule, mwenza yule yule, kipindi kile kile cha uhakika. Ukilinganisha 18,000 ya mtu mmoja na 16,800 ya watu wawili, hujalinganisha kitu.

Ushuru haukushauri tena

Zamani kulikuwa na hesabu ya ushuru iliyowafanya watu wachague kwa kuogopa KRA: 600,000 za kwanza za mkupuo hazikutozwa, 25,000 za kwanza za pensheni ya mwezi hazikutozwa, na juu ya hapo ulikatwa. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mafao ya anayestaafu akiwa amefikisha umri wa kustaafu wa hazina yake iliyosajiliwa hayatozwi ushuru, mkupuo na pensheni ya mwezi kwa pamoja. Ukisikia mtu akikuambia "chukua mkupuo ukwepe ushuru", anasoma gazeti la zamani.

Lakini kuna kona moja bado. Pesa zikiwa ndani ya hazina, zinakua bila ushuru. Ukizitoa na kuziweka benki, riba yake inakatwa asilimia 15. Mtu anayechukua theluthi nzima ili "aiweke tu" amefanya biashara mbaya kimyakimya.

Siku pesa zinapoingia

Hapa sasa tuko nyumbani kwetu. Mkupuo mkubwa utaingia benki, kwa sababu mkoba wa simu hauchukui zaidi ya 500,000, na kutuma mara moja hakuzidi 250,000. Usiuhamishe wote kwa simu vipande vipande kwa sababu ni rahisi. Simu ni ya matumizi. Hamisha bajeti ya mwezi, na hata hiyo igawe: nusu mwanzo wa mwezi, nusu tarehe 15.

Wakora wanajua wewe umestaafu. Sherehe ilipigwa picha, picha ziko mtandaoni, barua yako imepita mezani kwa watu wengi. Atakupigia mtu mwenye sauti ya heshima, "Shikamoo mzee, faili yako ya pensheni imekwama hapa, tuma 4,500 tuifungue leo kabla ofisi haijafunga." Hakuna ofisi inayofungua faili kwa pesa za simu. Pensheni ni yako, hulipi ili ulipwe. Mwingine hataomba pesa, ataomba PIN, ama nambari ya siri iliyoingia kwa meseji, "ili tuthibitishe akaunti". Kata simu. Na laini yako ikipoteza mtandao ghafla wakati jirani ana mtandao, usingoje kesho: tafuta simu nyingine upige kwa huduma ya wateja, mtu anaweza kuwa amesajili laini yako upya kwa jina lako.

Kuna ombi lingine ambalo si la mkora. Ni la mpwa, la jirani, la kamati ya harambee. Hao huwezi kuwakatia simu. Wastaafu wengine wametuambia kwamba kilichowasaidia ni kuweza kusema ukweli mmoja mfupi: "Sina kitita, ninalipwa kwa mwezi." Aliyechukua theluthi nzima na mtaa mzima ukajua hawezi kuusema.

Kabla hujarudisha fomu, hakikisha majina ya walioandikwa ni ya sasa. Kuna watu ambao fomu yao bado ina jina la mama yao aliyefariki, kwa sababu waliijaza wakiwa na miaka 24. Hakikisha kampuni ya bima na hazina ya drodauni zote zimesajiliwa na wasimamizi wao. Kwa hazina, hiyo ni RBA. Weka nakala ya mkataba, jina la kampuni na nambari ya pensheni kwenye bahasha moja, na mwenzako ajue bahasha iko wapi. Kila mwaka kampuni itataka uthibitisho kwamba bado uko hai, na mara nyingi itakutafuta kwa simu kwanza. Ukibadilisha laini, waambie wiki hiyo hiyo. Pensheni za watu husimamishwa wakiwa wazima kabisa, wamekaa nyumbani, kwa sababu simu iliita kwenye nambari ambayo siku hizi ni ya mtu mwingine.